Nkombo Hatuna Minazi

Nilipokuwa mwaka wa tano wa sekondari nilipata nafasi ya pili katika shindano la ushairi wa Kiswahili. Shairi langu lilikuwa na beti saba. Vina vya kati na vya mwisho vilikaa sawa, na kila mshororo ulikuwa na mizani kumi na sita bila kupungua wala kuzidi. Lilianza hivi:

Ewe bahari tulivu, minazi yakupepea,
Jahazi langu chakavu, nanga imenipotea.

Waamuzi walilisifu kwa taswira zake. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mtoto wa Nkombo amepata wapi jahazi. Ni kweli nimezaliwa kisiwani, lakini kisiwa chetu kiko ndani ya Ziwa Kivu, wilaya ya Rusizi, na kutoka kwetu hadi Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 1,000. Bahari sijaiona mpaka leo. Mnazi niliujua kwa picha iliyokuwa kwenye kitabu cha darasani. Jahazi nililitoa kwenye kamusi, na nikisema kweli yote, nililichagua kwa sababu lina silabi tatu.

Mwaka uliofuata nilipeleka shairi jingine, safari hii juu ya sambaza, wale samaki wadogo ambao nusu ya kisiwa chetu inaishi kwa ajili yao. Lilirudi limejaa wino mwekundu. Neno sambaza lilikuwa limepigiwa mstari kila lilipotokea, na pembeni imeandikwa: "Hiki ni kitenzi. Tumia dagaa." Mwishoni mwa karatasi niliambiwa nijitahidi kutumia lugha ya kishairi. Sikupata nafasi yoyote.

Simtaji aliyesahihisha, wala shindano lenyewe, kwa sababu hakufanya jambo la ajabu. Alinipa ushauri uleule ambao wengi wetu tumepewa tangu tulipoambiwa kwamba tuna kipaji: soma mashairi ya pwani, kusanya misamiati mizito, weka methali mbili au tatu, pamba. Tumeupokea kama dawa ya daktari. Mimi naona umetuharibia kalamu, na naandika makala haya kuupinga, pamoja na heshima yote niliyo nayo kwa walimu wangu waliomo humu chuoni, ambao baadhi yao bado wanautoa.

Nianze na mwezi, maana hakuna kitu kinachotumiwa vibaya na washairi wanafunzi kama mwezi. Nimesoma tungo za wenzangu wa darasa letu, na za madarasa mawili yaliyotutangulia. Mwezi ukichomoza katika shairi, ujue msichana yuko karibu. Uso wake ni mwezi, tabasamu lake ni mbalamwezi, na yeye mwenyewe ni mwezi wa siku kumi na nne. Sina ugomvi na mapenzi. Lakini mimi nimekulia mahali ambapo mwezi wa siku kumi na nne ni habari mbaya.

Sambaza huvuliwa usiku kwa taa. Mitumbwi mitatu huunganishwa kwa miti mirefu, wavu mmoja mpana hushushwa chini yake, kisha taa huwashwa juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri. Viumbe wadogo wa majini hufuata mwanga, sambaza huwafuata hao, na wavu huvutwa juu. Kazi yote inategemea giza. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linakuwa na mwanga, taa inakuwa haina maana, na samaki hawana sababu ya kukusanyika mahali pamoja. Hapo ndipo sambaza husambaa (msahihishaji wangu angalau hapo angekuwa na kitenzi chake). Siku hizo wavuvi hubaki nyumbani, au huenda na kurudi na kiasi kisichojaza ndoo. Wanawake wanaochukua samaki kwa mkopo alfajiri na kwenda kuwauza, wengine hadi Bukavu, hukaa bila biashara huku deni la wiki iliyopita likiwasubiri. Mama akiutazama mwezi mpevu hakumbuki kijana yeyote. Anahesabu.

Sasa nieleze: mtoto wa mama huyo akiandika kwamba mpenzi wake anang'aa kama mwezi mpevu, ameandika nini? Ameandika kitu ambacho mdomo wake haukiamini. Na shairi ambalo mwenye nalo haliamini, hata likiwa na mizani kamili, msomaji analihisi. Hawezi kusema kosa liko wapi, ila analikunja na kulisahau.

Nitajibiwa kwamba ushairi wa Kiswahili una jadi yake, na jadi hiyo ni ya pwani, kwa hiyo anayeingia avue viatu mlangoni. Nakubali. Lakini tuitazame vizuri jadi hiyo kabla ya kuinamisha kichwa. Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa mpaka karibu na mwaka 1840, alitunga juu ya Mombasa: siasa za Wamazrui, ugomvi na Sultani wa Oman, njaa, majigambo, mambo ya mtaani kwake. Chombo kikitajwa Mombasa, chombo kilikuwa bandarini, watu wanakiona. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wa kisiasa, na mashairi ya Sauti ya Dhiki, yaliyochapishwa 1973, aliyaandika humo gerezani, kwenye karatasi za msalani. Alifuata vina na mizani, na dhiki iliyotajwa ilikuwa dhiki yake. Hao ndio mabingwa tunaoambiwa tuwaige. Basi tuwaige kweli! Waliandika kilichokuwa mbele ya macho yao. Sisi tumechukua jahazi lao, tukaiacha tabia yao.

Na hizo sheria tunazozipigia magoti, ni nani aliyetuwekea katika kitabu? Kaluta Amri Abedi, aliyetoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, na baadaye akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Alizaliwa Ujiji. Ujiji hakuna bahari, ni Ziwa Tanganyika. Mtu wa ziwa ndiye aliyewapangia watu wote sheria za kutunga, na hatusikii kwamba aliomba radhi kwa kuzaliwa mbali na minazi. Isitoshe, hata sambaza wetu asili yao ni huko huko: waliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Samaki akihama ziwa anapata jina jipya na anazaliana. Sioni kwa nini shairi lishindwe.

Hata hivyo sitaki wenzangu wa kambi ya pili wapige makofi mapema. Nawajua. Ni wale ambao wakisikia mtu analalamikia wasahihishaji, mara moja wanamtaja Euphrase Kezilahabi, kwamba alivunja vina na mizani katika Kichomi mwaka 1974, kwa hiyo na wao wana ruhusa. Kisha wanaandika insha, wanaikata vipande vifupi vifupi, wanaiita shairi huru. Ndani yake bado kuna bahari, bado kuna mwezi, safari hii bila mizani. Kezilahabi hakuacha vina kwa sababu vilimshinda. Aliacha kwa sababu alitaka shairi lifuate namna mtu anavyozungumza na kufikiri, na kazi hiyo ni ngumu kuliko kuhesabu silabi kwenye vidole. Anayemtumia kuficha uvivu anamkosea adabu marehemu.

Ninalotaka wenzangu wakumbuke kuhusu Kezilahabi ni jambo lisilotajwa sana darasani: alizaliwa kisiwani. Alizaliwa 1944 Ukerewe, katika Ziwa Viktoria, mahali ambapo mtoto anaanza na Kikerewe kabla ya Kiswahili. Mimi nilianza na Kihavu, ambacho wenzetu wa bara hukiita Amahavu, kisha Kinyarwanda cha shule, kisha Kiswahili cha sokoni, na mwishoni Kiswahili sanifu. Nilipogundua kwamba mwandishi wa Rosa Mistika ni mtu wa kisiwa cha ziwani nilikaa kimya muda mrefu. Nilikuwa nimeambiwa kwamba kisiwa changu ni kizuizi.

Na Ukerewe ina mkubwa wake Kezilahabi. Aniceti Kitereza aliandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya mume na mke wanaotafuta mtoto, akaimaliza mwaka 1945. Humo aliweka maisha ya Wakerewe: jinsi wanavyotengeneza pombe, wanavyotega wanyama, wanavyotibu, wanavyosalimiana, wanavyooana. Hakupata mchapishaji wa Kikerewe. Akakaa chini akaitafsiri yeye mwenyewe kwa Kiswahili. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kilitolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, miaka thelathini na mitano baadaye, na mwenyewe akafa 1981. Wapo wanaoisoma hadithi hiyo kama habari ya kusikitisha ya mzee aliyecheleweshewa kitabu chake. Kwangu ni funzo la kazi. Kitereza hakukitumia Kiswahili kuwa mtu mwingine. Alikitumia kuwavusha Wakerewe.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwandishi mwanafunzi ni huu: kabla hujampelekea mwalimu shairi lako, lisome kwa sauti mbele ya mtu anayeifanya kazi uliyoitaja ndani yake. Nitaeleza lilivyonipata mimi, kwa sababu ndipo nilipojifunza kuliko katika vipindi vyote vya nadharia.

Likizo ya mwaka jana nilikuwa nimeandika mishororo hii juu ya mwezi ule ninaoujua:

Mwezi ukiwa mpevu, samaki hawatokei,
Nyavu zapanda ni kavu, na deni halingojei.

Nilijipongeza. Kilikuwa kitu changu hatimaye. Nikamsomea mjomba, ambaye amevua tangu kabla sijazaliwa, nikimfasiria kwa Kihavu pale alipohitaji. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akasema, "Mwana wa dada, wavu uliotoka ziwani unakuwaje mkavu?"

Nilitaka kumweleza kwamba ukavu ule ni sitiari. Nikanyamaza, kwa sababu alikuwa na haki. Neno kavu halikutoka ziwani, lilitoka kwenye kina. Nilihitaji -vu, na kavu ndilo lililokuwa karibu. Nikamuuliza: wavu usio na samaki ukipanda unaona nini? Akasema, maji yanachuruzika, taka kidogo, na povu. Povu! Neno lina -vu, lina silabi mbili, na ni kweli.

Nyavu zapanda na povu, na deni halingojei.

Badiliko hilo la neno moja sikulipata kwenye kamusi, na profesa wa ushairi asiyewahi kuvua asingeweza kunipa. Vina havikunizuia kusema kweli. Vilinizuia kwa siku mbili tu, nilipokuwa sijamuuliza anayejua. Ndiyo maana ugomvi wa vina na mashairi huru, ambao tumerithi kutoka kwa wakubwa na tunaurudia kila muhula, haunishughulishi tena. Unaweza kudanganya kwa mizani kumi na sita na unaweza kudanganya bila mizani.

Kuhusu mizani yenyewe nina neno jingine. Tunafundishwa kuihesabu kwa vidole, na ni vizuri kujua kuhesabu. Lakini mishororo miwili yenye silabi sawa inaweza kutembea tofauti kabisa, mmoja ukienda na mwingine ukichechemea. Wavuvi wetu wanaimba wanapopiga makasia. Mmoja anaanzisha, wengine wanapokea, na kasia linaingia majini pale pale sauti inapoangukia. Wimbo usioenda na kasia hauishi hata usiku mmoja, maana watu watachoka. Jaribu mshororo wako hivyo. Huna kasia? Twanga nao, fua nao, panda nao mlima. Ukikukata pumzi mahali pasipostahili, urekebishe, hata kama vidole vinasema umetimia.

Mengine nayapitia haraka. Futa ubeti wa kwanza. Karibu kila mara ni wa kupiga hodi na kuomba ruhusa, na hakuna aliyekufungia mlango. Methali iache mpaka apatikane mtu ndani ya hadithi ambaye angeisema kwa mdomo wake. Ukifupisha neno au kulirefusha ili mizani itimie, jiulize kama ungelifanya hivyo ukiimba, au umebanwa tu. Na ukikusanya maneno, kusanya vitenzi vya kazi kabla ya vivumishi. Mtu anayejua tofauti ya kushusha wavu, kuuvuta, kuukung'uta na kuuanika hatahitaji kusema kwamba maisha ya mvuvi ni "magumu mno."

Kuna suala la Kiswahili chetu cha mpakani, na hapa najua nitapingwa zaidi. Rusizi tunakisikia Kiswahili cha Bukavu kila siku. Ni hicho mama anachouzia samaki. Anakwenda ku soko, anakutana na batu. Katika hadithi fupi niliyoiandika mwaka wa kwanza nilimfanya mama aseme, "Naelekea sokoni, mwanangu kipenzi." Nilipata alama nzuri. Lakini hakuna mwanamke wa Nkombo aliyewahi kusema sentensi hiyo, na nilipoisoma tena niliona nimemwondoa mama nikamweka mtangazaji wa redio. Sisemi tuandike makala za kitaaluma kwa Kiswahili cha sokoni. Naandika haya kwa Kiswahili sanifu na ninakipenda. Nasema msimulizi awe sanifu akitaka, lakini mtu akifungua mdomo ndani ya hadithi, mdomo uwe wake.

Msomaji wa Lamu au Dodoma hatatuelewa, wanasema. Mbona sisi tunamwelewa? Nimejifunza demani, ngalawa, kusi, makuti na chaza, vitu ambavyo sijavigusa, kwa sababu waandishi wake walivitaja bila woga na sentensi zilizozunguka zikanionyesha maana. Msomaji wa Lamu naye ana akili. Mwambie mara moja kwamba sambaza ni samaki mdogo anayevutwa na taa usiku, kisha endelea na shairi lako.

Mwaka 2017 Kiswahili kiliwekwa kuwa lugha rasmi hapa Rwanda, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Tangu hapo tunahimizwa tuandike, na tunaandika. Kizazi chetu ndicho kitakachoamua Kiswahili cha Rwanda kinazungumzia nini. Tukiendelea hivi, miaka ishirini ijayo mtu atafungua diwani zetu na kukuta minazi mingi kuliko Zanzibar, na hatakuta ziwa. Hatakuta miezi miwili ya kila mwaka ambapo uvuvi husimamishwa ili samaki wazaliane, na jinsi nyumba inavyoishi miezi hiyo. Hatakuta Kihavu kilichosikika nyuma ya Kiswahili. Mimi nikizungumza Kinyarwanda Kigali huulizwa kama nimetoka Kongo. Siulizwi kwa ubaya kila mara, lakini naulizwa. Ikiwa hata mashairi yangu yatakataa nilikotoka, sijui nani mwingine atanitambua.

Mjomba wangu hajui kusoma. Nyimbo anazoanzisha yeye kwenye mtumbwi sijaziona zimeandikwa popote, na vijana wanaopokea wanapungua kwa sababu wengi wetu tumekwenda shule, nami nikiwemo. Nimenunua daftari la kurasa mia moja. Likizo hii naanza kuandika anachoimba, kwanza kwa Kihavu kama anavyotamka, kisha Kiswahili chini yake, mstari kwa mstari. Nimemwomba nipande naye mtumbwini ili nisikie penye kasia. Amesema sawa, ila nisubiri mwezi ufifie, na nisivae viatu.